Uzi wa Fundi

Msomaji, ukipata nafasi ya kusafiri kutoka Athi River kwenda Namanga, keti dirishani. Barabara hupita Kitengela, Isinya na Kajiado kabla ya kufika mpakani, na sehemu kubwa ya safari hiyo imenyooka kama kamba iliyovutwa na watu wawili. Upande huu na upande huu utaona mistari mingine: nguzo za umeme zilizopangana, kuta za mawe, nyua za seng'enge, paa za mabati mapya, na mawe madogo ya mipaka yaliyofukiwa ardhini yakaachwa vichwa nje. Mtu aliyepita hapa miaka hamsini iliyopita hangeliyaona haya. Angeliona nyika, na katika nyika hiyo njia za ng'ombe na za nyumbu zikienda na kurudi, wala hapana hata moja iliyochorwa kwa rula.

Mimi ni mwalimu, na kwa kazi yangu nimechora mistari mingi ubaoni. Nimewaamuru watoto wafute iliyokwenda kombo waanze tena. Basi usidhani kwamba anayekuandikia ni adui wa rula. Nataka tuulizane swali moja ambalo sikuulizwa nilipokuwa chuoni nikijifunza ualimu: kwa nini moyo wa mtu hupenda sana kitu kilichonyooka, na je, mapenzi hayo ni ya haki siku zote?

Tuanze na fundi wa nyumba, maana yeye hawezi kufanya kazi yake hata siku moja bila mstari. Umewahi kumtazama anapoanza? Hashiki mwiko kwanza. Hupigilia vigingi, hufunga uzi, na kuuvuta mpaka ukiguswa ulie. Kisha hutafuta pembe. Hupima futi tatu katika uzi mmoja, futi nne katika uzi wa pili, halafu hutazama kama umbali kati ya alama hizo mbili ni futi tano kamili. Ikiwa ni tano, pembe ni ya mraba. Ikizidi au ikipungua, husogeza kigingi. Wengi wa mafundi hawa hawakupata kulisikia jina la Pythagoras, na hesabu yao haikuharibika kwa sababu hiyo. Ukuta unapopanda hutundika timazi, nayo ni kipande cha chuma kizito mwishoni mwa uzi, akatazama kama ukuta na uzi huo vyaandamana toka juu mpaka chini.

Yote hayo hayafanywi kwa ajili ya urembo. Uzito wa jiwe huenda chini moja kwa moja. Jiwe lililokaa sawasawa juu ya mwenzake humkabidhi uzito wake, naye humkabidhi wa chini yake, hata mzigo wote ukafika katika msingi na ardhi ikaupokea. Jiwe lililotokeza nje hutaka kuanguka kila siku, na siku moja hupata litakalo. Kwa hiyo timazi haikubuniwa na mtu mwenye kupenda ukali. Inatuonyesha tu mahali ambapo dunia yenyewe inavuta, nasi hatuna njia ya kushindana nayo.

Walakini hata timazi ina mpaka wa elimu yake. Hapa Kitengela pana udongo mweusi ambao hunywa maji ukavimba, na jua likiwaka hukauka ukapasuka. Fundi mwenye haraka, asiyechimba mpaka akafika kwenye ardhi ngumu, aweza kuinua ukuta usio na kosa hata unywele mmoja. Siku ya kukabidhi funguo kila mtu atamsifu. Masika mawili yakishapita, nyufa zitakuwa za kupitisha kidole. Ukuta ulikuwa umenyooka kweli. Ila hapana aliyeuliza habari za ardhi iliyo chini yake. Tafadhali likumbuke jambo hili, maana nitalirudia.

Sasa twende katika boma la Kimaasai. Wanawake ndio wajengao nyumba katika boma, na nyumba hizo huzunguka uwanja wa mifugo, na ua wa miiba huzunguka nyumba. Yako mabuku ya zamani, yaliyoandikwa na wageni, ambayo husimulia majengo ya mduara kana kwamba waliojenga hawakuwa wamefikia elimu ya pembe. Tupime maneno hayo kwa hesabu ya darasani. Chukua ua wa urefu wa mita 100. Ukiupanga mraba, kila upande utakuwa mita 25, na uwanja ulio ndani ni mita za mraba 625. Ua huo huo ukiupanga mduara, uwanja wake huwa karibu mita za mraba 796. Umepata mita za mraba 171 zaidi bila kukata tawi la pili la miiba! Wala hapana pembe ambamo ndama atabanwa kundi likishtuka usiku. Mwenye ng'ombe wengi na miiba michache alikuwa na sababu njema ya kuupenda mduara.

Kwa nini basi twaacha mduara? Kwa sababu mduara wapenda kukaa peke yake. Panga miduara kumi pamoja, nawe utaona nafasi zisizo za mtu zimebaki katikati. Panga miraba kumi, na hapatabaki hata nafasi ya sindano. Pale ambapo watu ni wengi, hawajuani, nao hununua na kuuziana ardhi, mstari ulionyooka huleta amani ambayo mduara hauwezi kuileta. Jirani yangu simjui baba yake, naye hamjui wangu, lakini jiwe la mpaka twalijua sote wawili.

Yuko msanii mmoja aliyezaliwa Ujerumani, jina lake Nani Croze, ambaye alikuja kukaa katika nyika ya Kitengela na kuanzisha huko karakana ya vioo. Majengo ya mahali pale yana kuta zilizopinda, paa za mviringo, na vipande vya vioo vya rangi vilivyotiwa ukutani. Mtoto akipelekwa huko hataki kurudi nyumbani. Nami nayapenda, nakiri. Lakini kila ukuta kule ulihitaji kufikiriwa peke yake, na uzi wa fundi haukuwa na msaada mkubwa. Uzuri wa namna hiyo wataka nafasi na wakati. Mtu aliyekopa fedha za kujenga vyumba viwili atarudi kwenye uzi.

Liko pia fungu jingine la watu ambalo mstari huwalinda, nalo ni wanyonge. Fikiri juu ya watu waliokuja kuteka maji siku ambayo bomba limefunguliwa kwa saa moja tu. Pasipo mlolongo, mwenye kifua kipana huteka kwanza, na bibi kizee aliyefika alfajiri huondoka na ndoo tupu. Pakiwa na mlolongo, kifua kipana hakina kazi. Aliyetangulia kufika ametangulia, basi. Sijui sheria nyingine ambayo ni fupi hivyo na ambayo hata mtoto wa miaka minne huielewa.

Lakini neno hilo la mlolongo latukumbusha jambo lingine. Hapa karibu uko mji uitwao Mlolongo, ambao watu husema ulipata jina lake kwa sababu ya malori yaliyopangana kungojea mizani ya barabarani. Na mwaka 1988, katika mchujo wa wagombea wa chama cha KANU, wananchi wa Kenya walitakiwa kupiga kura kwa kujipanga mstari nyuma ya mgombea waliyemtaka au nyuma ya picha yake. Ungedhani kwamba hapana uchaguzi wenye uwazi kuliko huo, maana kila mtu ana macho na aweza kuhesabu. Hata hivyo watu wengi walilalamika, mahali pengi nchini, kwamba wenye milolongo mifupi ndio waliotangazwa washindi. Utaratibu huo uliachwa baadaye. Mistari ilinyooka mavumbini, ikapotoka katika kinywa cha mtangazaji.

Hapo ndipo tuonapo kwamba unyoofu ni wa namna mbili. Kiswahili chetu humwita mtu mwema mnyoofu, na mwovu husemwa kuwa amepotoka. Mambo yakiharibika twasema yamekwenda kombo. Ni kana kwamba wazee walimwona mtu kama ukuta wakamtundikia timazi. Hata hivyo ni wazee hao hao waliotuambia kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, maana yake kukunjika si aibu, na kwamba njia ya mwongo ni fupi, maana yake si kila kifupi kilichonyooka. Wangekuwa wapumbavu kama wangelidhani mtu mnyoofu ni yule asiyepinda kamwe. Mtu wa namna hiyo twamjua: ni yule mwalimu ampaye adhabu mwanafunzi aliyechelewa pasipo kuuliza kwamba alikuwa akimpeleka mama yake zahanati. Nimekuwa mwalimu huyo siku moja, na sijapenda kuikumbuka.

Nionavyo mimi, mstari huhitaji nukta mbili, na katika mtu nukta hizo ni neno lake na tendo lake. Kati ya hizo mbili aweza kupita njia yenye kona. Itazame reli ya Magadi, iliyojengwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita ili kuleta magadi toka ziwani. Yatoka Konza, yapita Kajiado, kisha yateremka katika Bonde la Ufa. Wahandisi hawakuinyoosha kwa rula, kwa kuwa garimoshi lenye mzigo mzito haliwezi kupanda wala kuteremka ukingo mkali. Waliipinda mara nyingi, wakaufuata mteremko wa nchi. Lakini ilifika ziwani, kama ilivyosemwa kwamba itafika. Mtu anayepinda ili atimize neno lake hajapotoka. Aliyepotoka ni yule ambaye neno lake ni hapa na tendo lake ni kule, hata kama baina yake amekwenda kwa mwendo wa askari.

Sasa nirudie habari ya ardhi iliyo chini ya ukuta. Mstari mrefu kuliko yote katika Kajiado hauonekani kwa macho: ni mpaka wa kusini, kati ya Kenya na Tanzania. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kugawana nchi ambazo hazikuwa zao. Mstari ukatoka karibu na mlango wa mto Umba pwani, ukakata bara mpaka Ziwa Viktoria, ukipinda katika Kilimanjaro tu ili mlima uwe upande wa Wajerumani. Labda umeambiwa kwamba Malkia Viktoria alimpa mjukuu wake Kaiser mlima huo kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ni hadithi tamu, lakini mwaka 1886 mjukuu huyo hakuwa Kaiser bado. Alitawazwa mwaka 1888. Hata hivyo yafaa kuitafakari, maana inatuonyesha watu walivyouona mstari ule: kama kwamba ulichorwa mezani na watu wa mbali. Na ndivyo ilivyokuwa. Wamaasai wa upande wa Namanga na wale wa upande wa Longido ni watu wa lugha moja na koo zile zile, nao walijikuta wageni wao kwa wao pasipo kuhama hatua moja.

Jambo dogo la namna hiyo hiyo limetokea Kitengela, na hilo ni gumu zaidi kulihukumu kwa sababu waliolifanya hawakuwa wageni. Mbuga ya wanyama ya Nairobi ilipoanzishwa mwaka 1946, upande wake wa kusini uliachwa bila ua, ukawa mto tu, ili nyumbu na pundamilia watoke wakati wa mvua kwenda kulisha katika nyanda za Kaputiei na kurudi wakati wa kiangazi. Nyanda hizo zilikuwa za Wamaasai, na ng'ombe wao walikwenda hivyo hivyo, wakiifuata mvua. Baada ya sheria ya mwaka 1968 ardhi iliandikwa kwa jina la vikundi, na baadaye vikundi vikaamua kugawana, kila mtu fungu lake. Hawakukosa sababu. Mwenye hati aweza kukopa, aweza kusomesha watoto, wala hapana mkubwa wa kikundi awezaye kuuza kwa siri kilicho chake. Lakini mvua haikugawanywa. Hunyesha katika fungu la huyu mwaka huu na la yule mwaka ujao, na ng'ombe sasa wakasimama mbele ya seng'enge. Kuanzia mwaka 2000 ulikuwapo mpango wa kuwalipa wenye ardhi waliokubali kutoizungushia ua. Ulisaidia, lakini haukutosha kushindana na bei za viwanja. Katika ukame uliofikia kilele mwaka 2022, mifugo ya Kajiado ilikufa kwa wingi, na nyumbu wa Kitengela leo ni wachache mno kuliko wale waliohesabiwa zamani.

Nimesema ni gumu kuhukumu, na sababu ni kwamba mimi mwenyewe ni mmoja wa walionunua.

Nilinunua kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo kiwanja cha futi 50 kwa futi 100. Viwanja hivi hutangazwa kuwa moja ya nane ya ekari. Piga hesabu: 50 mara 100 ni futi za mraba 5,000, ekari ni futi za mraba 43,560, na ukigawa kwa nane wapata 5,445. Zilizopungua ni 445, nazo zatosha vyumba vitatu vya futi 12 kwa 12. Wauzaji husema kilichobaki kimekwenda katika barabara, na mara nyingine ni kweli. Nililalamika sana nyumbani kwa ajili ya futi hizo.

Siku fundi alipofunga uzi, akaja mama mmoja mzee wa Kimaasai na mbuzi zake. Akanisalimu, nami nikampa heshima yake. Kisha akasimama akiutazama uzi. Katika kiwanja changu palikuwa na kijia kilichokatiza toka pembe moja mpaka pembe ya pili, kimelainishwa na kwato. Mimi nilikuwa nimekiona kama kovu tu la ardhi.

"Mwalimu," akasema, "njia hii ilikuwapo kabla ya uzi wako. Ni ya kwenda bwawani."

Nikamwambia, "Mama, mahali hapa nimepanunua, na hati ninayo."

"Sikukuuliza habari za hati," akanijibu. "Nimekuonyesha njia."

Alipokwenda nilikaa juu ya mawe nikafanya hesabu, kwa kuwa ndiyo silaha niliyo nayo. Kukatiza kiwanja changu toka pembe hata pembe ni futi 112 hivi. Kuzunguka ni futi 150. Tofauti ni futi 38, nazo hazimchoshi hata mbuzi mwenye mimba. Nikafarijika. Kisha nikatazama mbele, nikaona vigingi vya jirani, na vya jirani wa jirani, mpaka macho yakachoka, na kila mmoja wetu alikuwa na futi zake 38 na faraja yake. Tena nikaona jambo lililonishangaza mimi mwalimu wa hesabu: kijia kile ndicho kilichokuwa mstari ulionyooka. Kwa miaka mingi kilikuwa kikienda bwawani kwa njia fupi kuliko zote. Mimi ndiye niliyekuja kukipinda, kisha nikauita uzi wangu mnyoofu.

Sheria ilikuwa upande wangu, wala sisemi kwa kejeli. Aliyeuza ardhi ile alikuwa mtu wa kwao, aliuza kwa hiari yake, na fedha alipokea. Kama kila mwenye hati angelazimika kufuata kila kijia, hapana nyumba ambayo ingejengwa Kitengela, na watoto wa walimu nao hulala ndani ya nyumba. Lakini gharama ya kupinda haikuwa imepotea. Ilikuwa imehama tu, toka kwangu hata kwa mama yule, naye hakuwapo siku ile tulipotia sahihi.

Nilimwambia fundi asogeze uzi futi 6 ndani, upande mmoja wa kiwanja, toka mbele mpaka nyuma. Fundi alifungua uzi kimya, na uso wake ulionyesha anavyowafikiri walimu. Mke wangu alicheka: "Ulilia kwa ajili ya futi 445, sasa wewe mwenyewe umetoa 600!" Hesabu yake ilikuwa sahihi.

Uchochoro upo hata leo. Shida ni kwamba nyuma yangu yuko mwenzangu ambaye naye amekopa, naye ana watoto, na seng'enge zake zimefika mpakani kabisa. Nilimwendea mara mbili. Mara ya kwanza alinionyesha hati. Mara ya pili alinipa chai, akasema atafikiri. Juzi nilimwona mama yule akija. Mbuzi walipita katika uchochoro wangu mmoja mmoja, wakafika kwenye seng'enge za jirani, wakasimama, wakageuka. Aliponipita tena akirudi aliniambia kwamba kesho atawapitisha hapa hapa.